Kuendesha Seva Nyingi za Wavuti Nyuma ya Ukuta Mmoja wa Moto

Taasisi nyingi zinazotunza seva zake zenyewe hupewa anwani moja tu ya IP ya umma, yaani namba inayofikika kutoka popote kwenye intaneti, na uhaba huo hautaisha karibuni: tangu Januari 2020, shirika la AFRINIC linalogawa anwani hizo barani Afrika limekuwa likitoa anwani za IPv4 (toleo la zamani la anwani za IP) zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Tuchukue mfano wa chuo chenye tovuti kuu kwenye seva moja, mfumo wa matokeo kwenye seva ya pili na maktaba kwenye ya tatu, na zote zinahitaji kupokea wageni kupitia poti 443 (mlango wa kawaida wa tovuti salama za https) ya anwani hiyo hiyo moja.

Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye ukuta wa moto, yaani kifaa kinachochuja trafiki kati ya mtandao wako na intaneti, uangalie anwani iliyo upande wa intaneti. Ikiwa namba yake ya kwanza ni 10, au inaanza na 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, hiyo si anwani ya umma. Kwa kawaida mtoa huduma amekuweka nyuma ya ruta yake pamoja na wateja wengine, na kuelekeza poti kwenye ukuta wako wa moto peke yake hakutamfikisha mgeni kwenye seva zako. Omba kwanza anwani ya umma isiyobadilika, hasa kama unatumia laini ya simu, ambako hali hii ni ya kawaida.

Wengi huanza kwa kuipa kila seva poti yake, kwa mfano 8081 na 8082, kisha kuuelekeza ukuta wa moto upeleke kila poti kwenye seva yake. Jambo hilo hufanya kazi, lakini silipendekezi, kwa sababu mgeni hulazimika kuandika namba mwishoni mwa anwani, na mitandao mingi ya maofisi huruhusu poti 80 na 443 peke yake, kwa hiyo mwanafunzi aliye kazini atashindwa kuona matokeo yake bila kujua sababu.

Njia iliyo bora ni kuweka seva moja ya proksi, yaani mpokezi wa kati, mbele ya zile nyingine, ipokee maombi yote na kuyagawa kwa kufuata jina la kikoa. Hili linawezekana kwa kuwa katika HTTP/1.1, lugha ya mawasiliano ya wavuti, kila ombi ni lazima litaje jina la tovuti inayotafutwa, na kiendelezi cha TLS (mfumo unaosimba mawasiliano ya wavuti) kiitwacho SNI, kilichosanifishwa mwaka 2003, humwezesha mgeni kulitaja jina hilo mapema, kabla mawasiliano hayajasimbwa, ili proksi ichague cheti kinachofaa, yaani faili inayothibitisha utambulisho wa tovuti.

Iweke proksi kwenye kipande chake cha mtandao, tuseme 192.168.20.10, na seva tatu kwenye kipande kingine, 192.168.30.11 hadi 13. Utengano huu ni muhimu kuliko unavyoonekana: mashine zilizo kwenye kipande kimoja huzungumza moja kwa moja bila kupita kwenye ukuta wa moto, kwa hiyo kanuni zako haziwezi kuzizuia. Ruhusu trafiki ya intaneti ifike kwenye proksi tu, kwa poti 80 na 443. Ruhusu proksi ifikie kila seva kwa poti moja inayohitajika. Kisha zuia seva hizo zisianzishe mawasiliano na kompyuta za ofisi.

Katika DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, elekeza majina yote matatu kwenye anwani ile moja ya umma. Kwenye Nginx, programu itakayofanya kazi ya proksi, andika sehemu ya server kwa kila jina, yenye server_name na proxy_pass inayoelekea kwenye seva husika. Ongeza sehemu nyingine yenye default_server inayokataa majina usiyoyatambua, kwa sababu bila hiyo Nginx hutumia sehemu ya kwanza iliyoandikwa, na tovuti yako moja itajibu kwa kila jina ambalo mtu yeyote ameelekeza kwako.

Vyeti vikae kwenye proksi. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na kwa kuwa muda wake ni mfupi, panga programu ya Certbot ivihuishe yenyewe. Usifunge poti 80, maana uhakiki wa kawaida wa umiliki wa kikoa hupitia hapo.

Baada ya hapo, seva za ndani zitaona kila mgeni akitoka 192.168.20.10, na kumbukumbu zake hazitamsaidia anayechunguza shambulio. Iambie proksi itume anwani halisi katika kichwa (taarifa inayoambatana na ombi) cha X-Forwarded-For, na ziambie seva zikiamini kichwa hicho kinapotoka kwenye proksi pekee, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukighushi.

Majaribio yafanye ukiwa nje, kwa kutumia intaneti ya simu. Niliwahi kupoteza nusu siku nikitafuta kosa kwenye Nginx, kumbe kuta nyingi za moto hazimrudishi ndani mtu wa ndani anayeita anwani ya umma. Kwa watumiaji wa ofisini, weka DNS ya ndani inayojibu majina hayo kwa 192.168.20.10, na uruhusu mtandao wa ofisi ufikie anwani hiyo kwa poti 443.