Kutafuta folda iliyofunga njia kwenye seva yako

Minada ya korosho inapoanza mwezi wa Oktoba, tovuti ndogo ninayoitunza hapa Mtwara kwa niaba ya chama kimoja cha msingi hupata wageni wengi, kwa sababu kila mkulima anataka kuiona bei kwa macho yake badala ya kuisikia kijiweni. Seva yenyewe ni kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti; imewekwa juu ya kabati la majalada. Msimu uliopita, asubuhi ya siku ya mnada, ukurasa wa bei ulikuja mweupe, umeandikwa "403 Forbidden" tu, yaani seva imekataa kuutoa. Nilipofika ofisini nilikuta kijana tunayesaidiana naye ameshaandika `chmod -R 777`, amri ya kumfungulia kila mtu ruhusa zote, kwenye folda nzima ya tovuti, na ukurasa bado ulikuwa haufunguki.

Kosa lile halikuwa la kumlaumu peke yake, kwani ushauri wa 777 umezagaa kila mahali. Hata hivyo, amri hiyo humpa kila mtumiaji wa kompyuta uwezo wa kuandika juu ya mafaili yako, na mara nyingi haigusi kabisa mahali palipoziba. Kabla ya kubadilisha ruhusa yoyote, soma kwanza logi ya makosa:

`sudo tail -n 20 /var/log/nginx/error.log`

Ukiona "(13: Permission denied)", tatizo ni la ruhusa kweli. Ukiona "directory index of ... is forbidden", basi nginx imefika ndani ya folda lakini haikukuta faili la `index` wala haikuruhusiwa kuorodhesha yaliyomo, hapo chmod haitakusaidia kitu, ingawa mgeni ataona 403 ileile.

Jambo la pili ni kujua ni nani hasa anayekataliwa. Kwenye Ubuntu na Debian, nginx huyasoma mafaili kwa jina la mtumiaji `www-data`, si kwa jina lako wewe uliyeingia kwenye seva, na ndiyo maana faili linaweza kufunguka vizuri kwako huku tovuti ikikataa. Mtumiaji huyo hupiga hodi kwenye kila folda iliyo njiani, kuanzia mzizi (`/`) hadi kwenye faili lenyewe, na akifungiwa mlango mmoja tu, milango ya ndani hata ikiwa wazi haimsaidii. Amri ya `namei` huionyesha milango yote kwa pamoja:

`namei -l /home/korosho/tovuti/bei/index.html`

Kwetu ilionyesha hivi:

```
drwxr-xr-x root    root    /
drwxr-xr-x root    root    home
drwxr-x--- korosho korosho korosho
drwxrwxrwx korosho korosho tovuti
drwxrwxrwx korosho korosho bei
-rwxrwxrwx korosho korosho index.html
```

Tazama mstari wa tatu. Baada ya herufi ya `d` kuna mafungu matatu ya herufi tatutatu: la mmiliki, la kundi, na la watu wengine wote. Fungu la mwisho ni vistari vitupu, na `www-data`, ambaye si mmiliki wala hayumo kwenye kundi la `korosho`, ni miongoni mwa hao wengine. Kwenye folda, `r` ni ruhusa ya kuorodhesha yaliyomo, lakini `x` ndiyo ruhusa ya kupita, na bila hiyo hakuna kinachofikiwa. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya kwa ruhusa 750 (yaani `rwxr-x---`, kama kwenye mstari ule wa tatu), na sisi tulikuwa tumeweka toleo jipya siku chache kabla. Ili kuthibitisha, jaribu kwa jina la yule anayekataliwa:

`sudo -u www-data stat /home/korosho/tovuti/bei/index.html`

Ungeweza kuongeza `x` kwenye folda ya nyumbani yakaisha, lakini mimi sipendi tovuti ikae chumbani kwa mtu. Niliihamishia kwenye `/srv/tovuti`, nikabadilisha mstari wa `root` kwenye mipangilio ya nginx, kisha nikaifuta ile 777:

```
sudo chown -R korosho:www-data /srv/tovuti
sudo find /srv/tovuti -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find /srv/tovuti -type f -exec chmod 644 {} +
sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx
```

Faili lenye nywila ya hifadhidata lipe 640, ili watu wengine wasilisome. Folda ambamo tovuti hupokea picha au nyaraka ipe 2775; ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda, ili usilazimike kurudia `chown`, amri ya kubadilisha mmiliki na kundi, kila wiki.

Yapo makosa mawili yanayofanana na haya ila dawa yake ni nyingine. Diski ya nje yenye mfumo wa exFAT haihifadhi umiliki wa Linux, kwa hiyo chmod juu yake ni kazi bure; mmiliki huwekwa wakati wa kuipachika (mount), kwa kuandika `uid=33,gid=33` kwenye `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kupachikwa, kwani 33 ndiyo namba ya `www-data`. La pili hutokea umeme unapokatika ghafla: diski ikipata hitilafu, Linux huweza kuigeuza iwe ya kusomwa tu, na ujumbe husema "Read-only file system". Hakikisha kwa `findmnt -T /srv/tovuti`. Ukikuta `ro` mahali pa `rw`, weka nakala ya data zako kwanza, kisha ikague diski kwa `fsck` ikiwa haijapachikwa.

Mwishoni andika `curl -I http://localhost/bei/`. Ikijibu 200, fungua ukurasa huo kwa simu ukitumia bando lako badala ya waifai ya ofisi, kwa kuwa wakulima walioko Newala na Tandahimba wanaufikia kwa njia hiyo.