Kutafuta Kazi Dodoma: Mwongozo kwa Anayehamia Kutoka Mkoa Mwingine

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli, ndipo watu wengi walipoanza kufunga mizigo kwa imani kuwa penye wizara hapakosi ajira. Imani hiyo ina ukweli, ila si ule ambao wengi wanaufikiria. Ajira ya serikalini haipatikani kwa kuhamia Dodoma; huombwa kwa njia ya mtandao, na aliyeko Bukoba ana nafasi ileile na aliyepanga chumba Area C, hapo hapo Dodoma mjini. Kinachomtaka mtu awepo mjini ni kazi zinazozaliwa na uwepo wa Serikali, yaani ujenzi, hoteli, upishi, usafirishaji, uchapaji, ulinzi na usafi wa ofisi. Kabla ya kukata tiketi, amua unafuata ipi kati ya hizo mbili.

Kama unafuata utumishi wa umma, baki ulipo kwanza. Jisajili katika Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ukiwa na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa na vyeti kamili vya masomo, kwa sababu hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Hakikisha majina yanafanana katika nyaraka zote. Aliyeandikwa Yohana kwenye kitambulisho na John kwenye cheti cha kidato cha nne anapaswa kushughulikia hati ya kisheria ya jina mapema, si wiki ya usaili. Matangazo mengi huweka ukomo wa umri wa miaka 45, na msailiwa hujigharamia nauli na malazi. Kuomba ni bure. Anayedai fedha ili akuunganishe na mtu wa ndani anauza kitu asicho nacho.

Kama unafuata hizo kazi nyingine, basi jifunze kalenda ya mji, maana Dodoma ina misimu ya ajira inayofahamika. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo hoteli, nyumba za wageni na migahawa hujaa, hivyo mameneja hutafuta wahudumu, wapishi na wafanya usafi wa vyumba kabla ya wabunge kufika. Anayewasili katikati ya Machi humkuta meneja akiwa na shida ya watu, ilhali anayewasili Mei humkuta akiwa na orodha. Ukienda hotelini, nenda baada ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha mchana, ukiwa umekwisha kupima afya, kwa kuwa anayeshika chakula cha wateja anatakiwa awe na uthibitisho wa vipimo.

Kwa mafundi hali ni tofauti kidogo. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, kwa hiyo nusu ya pili ya mwaka ndiyo yenye matumaini zaidi. Mji wa Serikali uko Mtumba, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Nyumba za watu binafsi nazo zinaendelea kuota Iyumbu, Nzuguni na kwingineko. Saidia fundi huchukuliwa getini asubuhi na mapema na fomeni, wala hakuna anayefungua bahasha ya wasifu pale. Fundi mwenye ujuzi huingia kupitia fundi mwenzake, na anayefika na vifaa vyake mwenyewe huaminiwa haraka zaidi. Uliyejifunza kazi mtaani bila cheti, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi: hupimwa unachokijua na kupewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya.

Lakini kikwazo kikubwa cha mgeni, kwa maoni yangu, si ujuzi bali ni mdhamini. Mwajiri anayetafuta dereva, mlinzi au mshika fedha huomba wadhamini wawili wanaojulikana mahali wanapoishi, pamoja na barua ya serikali ya mtaa, na hapo ndipo wenye vyeti vizuri hukwama. Kwa hiyo wiki ya kwanza usiitumie kuzunguka na bahasha. Mwombe mwenyeji wako akupeleke kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, ujitambulishe na uandikwe. Kabla ya kuondoka kwenu chukua barua ya mwajiri wa zamani yenye namba ya simu inayopokelewa, na barua ya utambulisho kutoka parokiani, usharikani au msikitini kwenu. Watafute pia watu wa mkoa wako waliotangulia. Wengi wana umoja wao wa kusaidiana katika misiba na harusi, na habari za nafasi za kazi hupita humo kabla hazijabandikwa popote.

Kuhusu makazi, usiharakishe. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ukilipa miezi sita Nkuhungu kisha ukapata kazi Mtumba, utakuwa unavuka mji mzima asubuhi na jioni, na nauli itaula mshahara. Ni afadhali kukaa kwa ndugu au kupanga chumba kwa mwezi mmoja mmoja, hata kwa bei ya juu kidogo. Tena siku hizi treni ya SGR, iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inamwezesha mtu wa Pwani au Morogoro kwenda kukagua na kurudi kabla hajauza kitanda.

Ukipata kazi, dai masharti kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Uliza namba yako ya uanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu yake. Fahamu pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ingawa mshahara wa siku alizofanya kazi ni haki yake. Aliyevuka miezi hiyo akiachishwa, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo barua ya kuachishwa na hati za mshahara zitunzwe mahali pamoja tangu mwezi wa kwanza.