Mgeni akikuandikia Kijerumani

Machalii wa Moshi mnaopandisha wageni mlimani, mgeni akikutumia meseji ya Kijerumani usihangaike kutafuta mtu, kopi yote bandika kwenye AI ya simu uiambie ikutafsirie, alafu jibu andika kwa Kiswahili chako cha kawaida tu yenyewe itageuza. Mi naitumia kwa hilo basi, barua za mapenzi naandika mwenyewe 😂. Ila bei na siku za safari jaza wewe, maana ile kitu inakisia neno linalofuata, haijui mnachaji shingapi, juzi imeniandikia njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro tunalala kwenye mahema wakati kule ni vibanda! Na namba ya pasipoti ya mgeni ifute kabla hujabandika.