Jinsi ya kumlisha simbilisi wa nyumbani hapa Bukavu

Hapa Bukavu, kama ilivyo Kabare na Walungu, simbilisi (kobayi, kama wengi wetu tunavyomwita) hufugwa zaidi kwa ajili ya nyama. Ila zipo nyumba ambazo watoto wamekwisha kumpa jina, na huyo haendi chunguni tena. Mwongozo huu ni wa huyo. Akilishwa vizuri anaweza kuishi miaka 5 hadi 8, na matatizo mengi ninayoitwa kuyatazama yanaanzia kwenye kile alichotupiwa ale.

Hatua ya 1: Majani yasimwishie, usiku wala mchana

Simbilisi ana meno 20, na yote yanaendelea kukua maisha yake yote. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi zenye nyuzi kwa saa nyingi. Akila vyakula laini tu, meno hurefuka, humchoma ulimi na mashavu, naye huacha kula huku chakula kipo mbele yake. Utumbo wake nao unasukumwa na nyuzi hizo hizo, kwa hiyo hatakiwi kushinda au kulala njaa hata siku moja.

Sehemu kubwa ya anachokula, zaidi ya robo tatu, iwe nyasi. Kila siku apate rundo la nyasi kavu lisilopungua ukubwa wa mwili wake, au nyasi mbichi nyingi zaidi ya hapo. Matete machanga, yale wanayokatiwa ng'ombe, yanafaa. Majani ya mahindi yanafaa, pamoja na maganda mabichi yanayofunika hindi. Nyasi za kawaida za ukingo wa shamba zinafaa pia.

Angalia unakata wapi. Usikate kando ya barabara penye vumbi na moshi wa magari, wala kwenye mitaro ya maji machafu, wala karibu na shamba la nyanya lililopigwa dawa juzi. Na umtengenezee kihori kidogo cha vijiti ukutani, kwa sababu nyasi ukizimwaga chini atazikojolea na hatazigusa tena.

Hatua ya 2: Nyasi za mvua zinyaushe kwanza

Mvua yetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na muda huo wote nyasi zinaletwa zikiwa zimelowa. Usizilundike. Zitandaze chini ya paa, nyembamba, kwa nusu siku mpaka maji ya juu yaishe na majani yalegee kidogo. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: ingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, nyasi zimeanza kuchacha. Zitupe zote, hata zile za juu zinazoonekana nzuri. Nyasi zilizochacha humjaza gesi tumboni, na simbilisi hawezi kutapika wala kucheua, kwa hiyo tumbo likivimba anaweza kufa ndani ya saa chache.

Akiba ya kavu itengeneze Juni hadi Agosti, jua likiwa limetulia. Kata nyasi kabla hazijatoa maua, wakati shina bado ni laini. Tandaza kwenye turubai, geuza asubuhi na jioni, ingiza ndani usiku ili umande usizilowanishe. Ziko tayari pale ukizisokota mkononi zinakatika kwa mlio mkavu, lakini rangi bado ni ya kijani na harufu ni tamu. Zikiwa za manjano zimekaa juani kupita kiasi. Atakula, ila lishe imepungua. Hifadhi kwenye kiroba kinachopitisha hewa, ukitundike mbali na sakafu. Mfuko wa plastiki unaleta ukungu, na ukungu ni sumu.

Hatua ya 3: Vitamini C kila siku, bila kuruka

Mwili wa simbilisi hauwezi kutengeneza vitamini C, kama vile wetu sisi binadamu usivyoweza. Mkubwa anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Mwenye mimba umpe kiwango cha juu. Akiikosa kwa wiki chache tu, utaona manyoya yamekuwa makavu na kusimama ovyo, viungo vya miguu vimevimba, fizi zinatoa damu. Mara nyingi watoto ndio wanaogundua mapema: simbilisi aliyekuwa akikimbia akisikia mlango sasa amejikunyata, na ukimwinua anapiga kelele ya maumivu.

Sisi tuna bahati ya mapera. Pera lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, hivyo kipande cha gramu 10, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kinatosha kwa siku. Toa mbegu. Msimu wa mapera ukipita, nunua pilipili tamu, zile kubwa zisizowasha. Gramu 25 za ile ya kijani zinampa karibu miligramu 20, na nyekundu ina nyingi zaidi. Kata wakati wa kumpa, maana vitamini hii hupotea kwa hewa, mwanga na joto. Ndiyo sababu sipendekezi vidonge vya kuyeyusha kwenye maji yake ya kunywa: nguvu yake inakwisha mapema, na ladha ikibadilika anaweza kukataa maji kabisa.

Hatua ya 4: Kikombe cha mboga

Kikombe kimoja cha mboga zilizokatwa kinatosha mnyama mmoja kwa siku. Msingi uwe matembele na saladi ya majani mabichi ya kijani. Mashu kidogo tu, kwa sababu yanaleta gesi. Lenga-lenga mara moja au mbili kwa wiki. Ina madini mengi yanayoweza kujenga mawe kwenye kibofu. Karoti na matunda mengine, ukiacha lile pera la kila siku, ni vitu vya sukari, kwa hiyo kipande kidogo mara mbili kwa wiki kinatosha.

Huhitaji fedha nyingi. Pale Nyawera au Kadutu, mwambie mama muuzaji kwa heshima, «Mama, niwekee yale majani ya nje ya saladi na ya karoti.» Mengi hutupwa. Yaoshe vizuri, na yaliyooza yaache.

Hatua ya 5: Visivyoingia kwenye kizimba chake

Hapa sina mjadala. Avoka, tunda na majani yake, ni sumu kwake, na mti huo uko karibu kila parsele. Sombe mbichi ina sumu ya sianidi. Sisi tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu, yeye hana chungu. Viazi vya kizungu, hasa maganda ya kijani, machipukizi na majani, usimpe. Vivyo hivyo majani ya nyanya, vitunguu vya aina zote, maharagwe makavu, uyoga, na mimea ya ua inayotoa utomvu mweupe.

Bugali, mkate, wali, biskuti na maziwa navyo hapana. Watoto hupenda kumgawia sahani yao. Waeleze kwa upole na uwape pera wamlishe wao. Chakula cha kuku kina nafaka nyingi na nyuzi chache, na kingine kimechanganywa na dawa za kuku.

Hatua ya 6: Maji

Hata akila nyasi mbichi, mwekee maji safi kila siku, takriban mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Bakuli zito la udongo linatosha kama huna chupa yenye mdomo wa chuma.

Hatua ya 7: Badilisha polepole, na umpime

Ukimnunua, muulize muuzaji alikuwa akila nini na uondoke na fungu la nyasi hizo. Chakula kipya kiingize kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, kuna tatizo hata kama anaonekana mchangamfu.

Mavi ya kawaida ni punje kavu za kahawia, nyingi, zenye umbo moja. Ukimwona anainama na kula punje laini zinazotoka nyuma yake, mwache: anajirudishia vitamini za B. Punje za kawaida zikipungua au mavi yakiwa ya majimaji, ondoa mboga na matunda, mwachie nyasi na maji, na umtafute veterineri siku hiyo hiyo. Aliyeacha kula kwa saa 12 ni mgonjwa mahututi.

Na tafadhali, usimpe amoksilini wala ampisilini ya kabati la nyumbani. Dawa za jamii ya penisilini humuulia bakteria wema wa utumbo, na mara nyingi humuua mwenyewe ndani ya siku chache. Njiani kwenda kwa veterineri, aliyeacha kula msagie nyasi katika maji, umdondoshee kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ukimsubiri ameze.