Kupanda Fløya peke yako, Septemba hadi Oktoba

Fløya ni mlima wa mita 671 unaoukabili mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kutoka ng'ambo ya maji. Mkazi wa mjini hahitaji gari wala hema: anatoka mlangoni kwa miguu, anavuka daraja, anapanda, na jioni anakula nyumbani. Ukaribu huo ndio unaoponza watu. Mtu anatoka saa nane mchana amevaa raba kama anayekwenda dukani, halafu giza linamkuta juu ya ngazi zenye barafu. Vuli ya huku, høst, si ile ya mvua za Novemba tunayoijua sisi. Ni wiki chache zilizobanwa kati ya kiangazi na theluji, na kila siku mchana unapungua kwa kama dakika tisa.

Anza na saa, viatu baadaye

Katikati ya Septemba jua la Tromsø linazama baada ya 19.20. Tarehe 1 Oktoba linazama karibu na 18.10, tarehe 15 karibu na 17.05. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na mwezi unapokwisha jua limeshazama kabla ya 15.00. Baada ya hapo kunabaki mwanga hafifu kwa dakika arobaini na tano hivi. Kwenye uwazi unatosha. Chini kwenye msitu wa bjørk, miti ya gome jeupe, hautoshi.

Piga hesabu kuanzia mwisho. Kutoka kileleni hadi barabarani tenga saa moja na dakika arobaini na tano, kwa sababu kushuka ngazi za mawe kwa magoti yaliyochoka si haraka kama unavyodhani. Ongeza saa nzima ya akiba. Kwa hiyo tarehe 1 Oktoba uwe umegeuka kufikia 15.30, umefika kileleni au hujafika. Weka kengele kwenye simu. Ikilia ukiwa hatua mia mbili kutoka kileleni, geuka hivyo hivyo, Fløya haihami.

Kupanda kwenyewe: nusu saa kutoka mjini hadi mguuni pa mlima, dakika 45 hadi 75 za ngazi za mawe ziitwazo Sherpatrappa, kisha dakika 45 hadi saa nzima kutoka juu ya ngazi mpaka kileleni. Pamoja na mapumziko na kushuka ni masaa matano. Ukitoka 10.30 una nafasi. Ukitoka 13.00 mwezi Oktoba, ishia juu ya ngazi.

Kisha andika ujumbe kwa mtu mmoja ambaye kweli atausoma. Usitumie saa za Kiswahili. Ukiandika "nitarudi saa kumi", dada yako ataelewa 16.00, lakini jirani Mnorwe atakayesikia "klokka ti" atangoja hadi 22.00, nawe masaa hayo sita umekaa kwenye jiwe na kifundo kilichovimba. Ujumbe mzuri ni huu: "Naenda Fløya kupitia Sherpatrappa, narudi njia ileile. Natoka 10.30. Nitakuwa barabarani 16.30. Usiponipata 18.30, piga 112." 112 ni polisi, nao ndio wanaoanzisha utafutaji wa mtu aliyepotea. 113 ni kwa majeruhi na wagonjwa. Weka pia programu ya Hjelp 113, ambayo hupeleka mahali ulipo unapopiga.

Hali ya hewa: tazama kilele, usitazame dirisha

Kwenye Yr, huduma ya Norwe ya utabiri wa hali ya hewa, tafuta Fløya kwa jina, si Tromsø. Joto hushuka kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, hivyo nyuzi 5 bandarini ni kama nyuzi 1 juu, na mvua ya mjini inaweza kuwa theluji huko. Kipimo cha kukutisha zaidi ni upepo. Nyuzi 0 na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi inahisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Upepo ukitabiriwa kuzidi hapo, au mawingu yakiwa yamekaa juu ya mgongo wa mlima, panda ngazi tu, unywe chai, ushuke. Usiweke matumaini kwenye kebo ya Fjellheisen, kibanda cha abiria kinachoning'inia kwenye waya, kukurudisha: upepo ule ule unaokutaabisha wewe ndio unaoisimamisha.

Nguo, na tatizo la jasho

Watu huganda hapa kwa sababu ya jasho kuliko mvua. Sherpatrappa, ngazi zilizojengwa na mafundi kutoka Nepal, zina vidato zaidi ya 1,200. Hadi unafika juu, mita 421, fulana imelowa, na hapohapo miti imekwisha na upepo unakupokea. Ikiwa fulana ni ya pamba, inashika maji na kunyonya joto la mwili mpaka urudi nyumbani. Jinzi ni mbaya zaidi.

Vaa fulana na suruali ya ndani ya sufu, juu yake suruali nyepesi ya kutembelea. Sweta ya sufu au flisi ibaki kwenye begi wakati wa ngazi, pamoja na koti lisilopitisha maji wala upepo. Anza ukihisi ubaridi kidogo. Ukianza ukiwa na raha, kidato cha mia tatu utakuwa unachuruzika. Juu, nyuma ya Fjellstua, jengo la kituo cha juu cha kebo, pasipo upepo, vua fulana iliyolowa, vaa ya pili kavu, kisha sweta, koti, kofia na glavu. Ni sekunde thelathini za mateso, na zinafaa. Fulana hiyo ya pili ndiyo watu wanaiacha nyumbani kuokoa uzito wa gramu mia mbili.

Buti ziwe na soli yenye meno marefu na zishike kifundo. Kuanzia mwisho wa Septemba beba brodder, yale meno ya chuma yenye mpira unayoyavalisha juu ya buti. Chukua aina yenye minyororo na meno soli nzima. Vile vidude vya lami vyenye misumari minne huchomoka kwenye mawe.

Begi la lita 20 hadi 25 linatosha. Zaidi ya nguo, weka taa ya kichwani yenye betri mpya (tochi ya simu inakula chaji ya simu na mkono wako mmoja), ramani ya karatasi na dira, pawabanki, plasta za malengelenge, bendeji pana, filimbi, na vindsekk, mfuko mwepesi wa kuingia mwili mzima ukilazimika kukaa ukisubiri. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huishusha betri ghafla, na ramani iwe imeshapakuliwa.

Chakula: chupa ya chai ya nusu lita yenye tangawizi na sukari ya kutosha, maji nusu lita, chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha, konzi ya karanga, na chokoleti ya akiba isiyoguswa. Chapati zifunge kwa foili na uzilaze kando ya chupa ya chai, la sivyo mafuta yanaganda na unatafuna ngozi.

Njiani

Vuka daraja la Tromsøbrua, mita 1,036, ukitazama kanisa la Ishavskatedralen mbele yako. Daraja ni kipimo cha bure: upepo ukikuyumbisha hapo, huko juu ni zaidi. Ngazi zinaanza kusini kidogo ya kituo cha chini cha kebo.

Kwenye ngazi hatari ni mbili. Majani ya njano ya bjørk yaliyolowa juu ya jiwe laini huteleza kama ganda la ndizi. Kanyaga katikati ya kidato, kwa wayo mzima. Ya pili ni barafu nyembamba isiyoonekana, pale maji yanapovuja kati ya mawe na usiku uliganda. Asubuhi inang'aa kidogo, jioni haionekani kabisa. Wengi huanguka wakati wa kushuka, kwa hiyo vaa brodder kabla hujaanza kushuka. Ukingoja mpaka uteleze, umechelewa.

Kutoka Fjellstua njia inaelekea mashariki na juu, juu ya mawe na vidimbwi. Ukiona marundo ya mawe na herufi T nyekundu, upo sawa. Krøkebær, zile beri nyeusi za ardhini, zinachumwa bila ruhusa ya mtu. Ukikutana na kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini, simama, waache wapite.

Ukungu ukishuka, sheria ni moja: usiache rundo la mawe kabla hujaliona linalofuata. Usipoliona, rudi kwa ulilotoka nalo. Kosa kubwa hapa ni kuona taa za mji kupitia tundu la ukungu na kuzifuata moja kwa moja. Upande huo wa magharibi ni mwinuko mkali wenye majabali, na njia salama ya kuteremka ni ngazi ulizopandia. Ukishindwa kabisa kusonga, vaa kila ulicho nacho, ingia kwenye vindsekk, kaa juu ya begi badala ya ardhi, piga simu, na upulize filimbi mara sita kwa dakika, unyamaze dakika moja, urudie.

Theluji ikishatanda na kukaa, mwongozo huu umekwisha kazi: kuna suala la maporomoko ya theluji, na kabla ya kwenda unasoma Varsom, tovuti ya tahadhari za maporomoko hayo.

Ukigusa lami, andika "nimeshuka" kabla hujatafuta basi. Buti zijaze magazeti makavu, zikae mbali na hita, maana ngozi hupasuka.