Chunjua za nyayoni: tiba za hospitali, uanze na ipi na ipi uiache mwishoni

Unakanyaga unahisi kama kuna kijiwe ndani ya kiatu, unavua kiatu hakuna kitu, unageuza unyayo unakuta kasehemu kagumu kana vidoti vyeusi katikati. Hiyo kwa kawaida ni chunjua, wengine wanaita sundosundo. Kitu cha kwanza naomba sana, weka wembe chini. Ukikata mwenyewe inatoka damu, na vipande vya ngozi inayokatika vina kirusi, kesho unakuta imezaa watoto watatu pembeni na wembe huohuo labda kuna mtu nyumbani anautumia.

Kinachosababisha ni kirusi cha HPV, na najua ukisikia HPV unashtuka, tulia. Hiki kirusi kina aina zaidi ya mia, zinazokaa nyayoni ni kama namba 1, 2, 4, 27 na 57, hazihusiani na zile za 16 na 18 zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo chunjua ya mguuni sio ugonjwa wa zinaa, mtu asikutazame vibaya, na ile chanjo wanayopewa mabinti mashuleni haijatengenezwa kwa ajili ya hizi. Umeipata kwa kukanyaga peku sehemu yenye majimaji, bafu la hosteli, bwawani, ukiwa na kamchubuko kadogo tu.

Kabla ya tiba lazima ijulikane ni chunjua kweli, hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Sugu ya kawaida ukiibonyeza kwa juu inauma, chunjua inauma zaidi ukiiminya kwa pembeni, kama unabana chunusi. Pia angalia ile mistari ya ngozi, kwenye sugu mistari inapita juu yake kama kawaida, kwenye chunjua inakatika inazunguka pembeni. Vile vidoti vyeusi ni vimishipa vya damu vilivyoganda, mhudumu akikwangua juu kidogo ndo vinaonekana vizuri. Halafu kwetu huku kuna funza, naye anaweka kidoti cheusi katikati ya kiduara cheupe, ila funza anawasha na anavimba ndani ya siku chache, chunjua inakua taratibu kwa wiki na miezi.

Kuna jingine nataka ulisome polepole. Sisi wenye ngozi nyeusi melanoma, ile saratani ya ngozi, ikitupata mara nyingi inatokea nyayoni, viganjani au chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977 na 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Kwa hiyo kama ni doa jeusi au la kahawia linalotanuka, kingo hazieleweki, linatoa damu bila kuguswa, au "chunjua" imetibiwa miezi na miezi haisikii dawa kabisa, mwambie daktari achukue kinyama kipimwe maabara kabla mtu hajachoma chochote. Ukishachoma unaharibu ushahidi.

Haya, tiba. Uelewe kwanza kwamba hakuna dawa inayomuua huyu kirusi moja kwa moja. Zote zinafanya moja kati ya mawili, zinaondoa ngozi aliyokaa au zinaamsha kinga ya mwili imuone, ndo maana subira inahitajika na ndo maana anayekuahidi "mara moja tu inaisha" usimwamini.

Ya kuanzia ni asidi ya salisiliki. Ya kujipaka nyumbani huwa kuanzia asilimia 17 hivi hadi plasta za asilimia 40, kliniki wanaweza kutumia kali zaidi wao wenyewe. Namna yake: loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika tano hadi kumi, sugua ile ngozi nyeupe iliyolainika kwa jiwe la miguu (jiwe hilo liwe la hapo tu, usilipitishe sehemu nyingine), paka vaselini kwenye ngozi isiyo na chunjua inayoizunguka, weka dawa kwenye chunjua yenyewe, funika na plasta. Kila siku, mpaka wiki 12. Watu wanaacha wiki ya tatu wanasema dawa haifanyi kazi. Na angalizo, ile Whitfield ya fangasi inayouzwa kila duka la dawa ina salisiliki asilimia 3 tu, hiyo kwa chunjua ya unyayo utapaka mpaka uzeeke.

Ya pili ni kugandisha kwa nitrojeni ya maji, ile yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Daktari mzuri anakwangua kwanza ile ngozi ngumu ya juu, maana akipuliza juu ya gamba nene baridi haifiki chini, halafu anapuliza mpaka chunjua na kaduara kadogo pembeni viwe vyeupe, anaacha iyeyuke, anarudia. Inauma, hasa ile saa inapoyeyuka, na usiku unaweza kupata lengelenge hata lenye damu, hiyo ni kawaida, usilipasue, funika tu. Unarudi kila baada ya wiki mbili tatu, mara nne au zaidi. Kwa ngozi zetu pale palipogandishwa panaweza kubaki na weupe au weusi kwa muda mrefu, nyayoni sio tatizo sana ila juu ya mguu fikiria.

Watu wengi wanadhani hiyo ya kugandisha kwa kuwa ni ya hospitali na ni ghali basi lazima iwe kiboko. Uingereza walifanya utafiti kwa watu 240 uliochapishwa 2011, wakalinganisha kugandisha na salisiliki kali ya kujipaka, baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa karibu asilimia 14 pande zote mbili. Ndo maana mimi nasema anza na ya bei rahisi uifanye kwa nidhamu, ukishindwa panda, na wapo madaktari wanaochanganya zote mbili.

Zikigoma hizo mbili, hasa kama chunjua ni nyingi au zimeungana zikawa kama kigae, uliza kuhusu sindano za kuamsha kinga. Hapa ndo patamu kwa kweli. Wanachoma ndani ya chunjua moja kitu ambacho mwili unakijua tayari, mfano chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, au protini ya fangasi aina ya kandida, kinga inakuja pale kwa hasira na inamkuta kirusi, mara nyingine hata chunjua za mguu wa pili ambazo hazikuguswa zinaondoka. Kuna pia bleomaisini, dawa ya saratani inayochomwa kidogokidogo kwa chunjua zisizosikia dawa nyingine, inafanya kazi ila inauma sana, lazima ganzi, na mjamzito haruhusiwi kabisa.

Kuchoma kwa umeme, kukwangua, leza na kukata, hizi naziweka mwisho kwa makusudi. Unyayo unabeba mwili mzima, kovu likikaa pale linaweza kukuuma kila hatua hata miaka baada ya chunjua kwisha, na bado inaweza kurudi pembeni ya kovu. Kama kliniki inakurukia na kisu siku ya kwanza bila kukuuliza umeshatumia nini, omba maoni ya daktari mwingine wa ngozi. Na wakichoma kwa umeme au leza ule moshi una vinasaba vya kirusi, chumba kiwe na kifaa cha kuuvuta na wote mvae barakoa.

Mwenye kisukari au miguu yenye ganzi asijitibu nyumbani hata kwa salisiliki, kidonda kidogo pale kinaweza kuishia kukatwa mguu, aende moja kwa moja hospitali. Ukiwa na VVU au unatumia dawa za kushusha kinga sema mapema, zako zinaweza kuwa nyingi na bishi na mpango ukabadilika. Mtoto ambaye haumwi muacheni, nyingi kwa watoto zinaisha zenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mvalishe kandambili bafuni na taulo lake liwe lake.

Ukifika kliniki ya ngozi, iwe hospitali ya rufaa ya mkoa au kubwa kama Muhimbili au KCMC Moshi, ambako tangu 1992 kuna chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, uliza bei ni ya kila mara au ya tiba nzima, mara ngapi utarudi, na wataacha lini wakabadilisha njia kama haisikii. Utajua imepona pale mistari ya ngozi inaporudi kupita moja kwa moja, bila kidoti hata kimoja, mpaka hapo endelea na dawa.