Kukunja mbavu za gitaa la kwanza kwa bomba la moto

Wengi wanaotengeneza gitaa la akustiki kwa mara ya kwanza wanaogopa sana wakifika kwenye mbavu, yaani zile mbao nyembamba za pembeni mwa gitaa, na hofu yenyewe inatokana na kudhani mbao inakunjwa kwa nguvu au kwa maji mengi, kumbe kinachokunja ni joto. Ndani ya mbao kuna lignini, ndo inashikanisha nyuzi, ikipata moto wa kutosha inalainika na ikipoa inakaza tena kwenye umbo jipya. Ukilielewa hilo mikono yenyewe itatulia.

1. Unene kwanza. Kwa gitaa la nyuzi za chuma fikisha milimita 2 hadi 2.3, la nyuzi za nailoni linaweza kwenda chini kidogo ya 2. Pima sehemu nyingi, sio kwenye ncha tu, maana palipo pembamba kuliko pengine patakunjika haraka na utapata kona badala ya mviringo. Mi naona usawa wa unene una maana kuliko namba yenyewe. Na chagua ubao ambao mistari ya nyuzi zake imenyooka mpaka mwisho, nyuzi zikikatiza kwenda pembeni hapo ndo pa kupasuka.

2. Andika alama kwa penseli: nje, ndani, shingo, mkia, na mstari wa kiuno (pale pembeni palipobonyea kwa ndani). Usiruke hii, ni rahisi mno kujikuta una mbavu mbili za upande mmoja.

3. Kalibu, yaani fremu ya kushikilia mbavu kwenye umbo lake, iwe tayari kabla hujawasha moto. Plaiwudi iliyogundishwa tabaka kadhaa na kukatwa umbo la gitaa inatosha.

4. Bomba. La chuma au alumini lenye kipenyo cha sentimita 5 hadi 7, libane kwenye jiliwa, tochi ya gesi iingie kwa ndani. Tafadhali usitumie bomba lililopakwa zinki, likipata moto linatoa moshi wenye sumu. Dondoshea tone la maji: likitulia na kuchemka polepole bado, likirukaruka na kuisha hapo hapo anza. Mbao ikianza kuungua punguza moto.

5. Pulizia maji pande zote mbili, basi. Kuloweka masaa mengi kunafanya ubao ujikunje kwa upana na kuwa na mawimbi, hasa mahogani. Na mbao yenye tanini (kemikali ya asili ndani ya mbao) ikiwa imelowa ikagusa chuma inapata madoa meusi, kwahiyo weka karatasi ya alumini katikati.

6. Sasa kunja, na anzia kwenye kiuno maana ndo kona kali na ndo inayopanga vingine vyote. Hapa wengi wanachanganya: kwenye kiuno uso wa NJE ya gitaa ndo unagusa bomba, ukienda kwenye tumbo la juu na la chini (pale gitaa lilipotanuka) unageuza, uso wa ndani ndo unagusa. Upande usiogusa bomba ndo unavutika na ndo unapasuka, kwahiyo ukae na bati jembamba linalonyumbulika mgongoni mwa ubao likiusukuma kote kwa pamoja. Vaa glavu, egemeza ubao ukikatiza bomba kwa pembe mraba (ukipinda kidogo tu ubavu utajisokota), uyumbishe mbele na nyuma kwa mkono mwepesi, usubiri. Kuna muda utausikia umelegea ghafla chini ya vidole, hapo ndo unausogeza, sio kabla, na ukisikia "tik" acha kusukuma uongeze joto. Ukifika umbo unalotaka zidisha kidogo kwasababu utarudi, utoe kwenye moto uushikilie mpaka upoe. Kila mara linganisha na kalibu. Ukizidisha sana sio tatizo, urudishe kwenye bomba utanyooka.

7. Ingiza kwenye kalibu, bana kiuno kwanza kwa klampu na kipande cha mbao chenye mviringo huohuo, afu matumbo, uache usiku mzima au zaidi. Ukifungua ukakuta umeachia milimita chache ni kawaida, ila kama lazima utumie klampu kuulazimisha urudi basi rudi kwenye bomba, maana huo mvutano utabaki ndani ya gitaa ukivuta maungio ya gundi miaka yote. Ncha zile za ziada usizikate mpaka mbavu zote mbili ziwe zimekaa ndani ya kalibu zenyewe bila kubishana, ndo unaweka alama ya mstari wa kati hapohapo na kukata.